Betri, sola au jenereta: gharama halisi ya umeme kwenye gari la kambi

Gari la kambi halihitaji umeme mwingi, lakini linauhitaji usiku, porini, mbali na duka na mbali na fundi. Kuna friji ya lita 40 au 50 nyuma ya Land Cruiser, taa za hema lililo juu ya paa, simu za watu wanne na betri za kamera. Wanaoyaandaa magari haya Arusha na Nairobi, pamoja na familia zinazoyamiliki, huchagua hema kwa makini na friji kwa makini. Betri hununuliwa mwisho, kwa pesa iliyobaki, na swali la kaunta huwa moja tu: bei gani?

Swali hilo limewagharimu wengi. Bei ya dukani ni mwanzo wa gharama. Gharama yenyewe hupimwa kwa umeme utakaoupata kwenye betri hiyo mpaka siku itakapokufa, na siku hiyo hutegemea namna unavyoichaji kuliko jina lililobandikwa ubavuni. Jenereta nayo ni hivyo hivyo: pesa nyingi hutoka baada ya kuinunua, lita baada ya lita. Makala haya yanalinganisha njia zote kwa kipimo kimoja, shilingi kwa kila uniti ya umeme unaoutumia kweli.

Hesabu kwanza, duka baadaye

Mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme wa betri ni mali. Kabla ya kwenda dukani, andika kila kitakachokula umeme kwa siku moja.

Friji ya kompresa ya volti 12 hula wati 45 hadi 60 inapofanya kazi, lakini haifanyi kazi muda wote. Huwaka, hupoza, huzima. Kwenye joto la Mikumi au Tsavo inaweza kutumia ampea-saa 30 hadi 50 kwa siku. Ampea-saa ndiyo ile Ah unayoiona kwenye lebo ya betri. Kwenye baridi ya Ngorongoro friji hiyohiyo hutumia pungufu. Taa za LED kwa saa nne za jioni ni ampea-saa 3 hivi. Kuchaji simu nne ni kama 5, na kompyuta mpakato nyingine 5. Kwa hiyo watu wanne wanahitaji ampea-saa 45 hadi 60 kwa siku, ambazo ni takriban uniti 0.7, uniti ileile tunayonunua kwa LUKU nyumbani.

Vitu vya kuchemsha na kupasha moto viondoe kabisa kwenye orodha. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 170 kwenye betri ya volti 12. Kiasi hicho huchosha betri, huchemsha waya na hudai inveta kubwa ya bei kubwa, wakati mtungi mdogo wa gesi unachemsha chai ileile bila tabu.

Betri tatu, kipimo kimoja

Tuanze na betri isiyostahili kuwa kwenye mashindano haya, yaani ya kuwashia gari. Ina sahani nyembamba na nyingi ili itoe ampea mamia kwa sekunde chache, kisha ijazwe papo hapo na alteneta. Ukiifunga kama betri ya friji, ukaikamua usiku kucha kwa wiki chache, sahani zake huharibika. Mbaya zaidi ni kutumia betri moja kwa kazi zote mbili. Asubuhi unakuta selfu haizunguki, na hifadhini huruhusiwi kushuka kusukuma gari penye simba. Ndiyo maana pesa ya kwanza ni ya kuweka betri ya pili na kuitenga na ile ya kuwashia.

Kwa betri hiyo ya pili una chaguo tatu.

Ya kwanza ni betri ya maji yenye sahani nene, iliyotengenezwa kwa matumizi ya muda mrefu. Betri yoyote ya risasi haipendi kukamuliwa chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 za kwenye lebo ni Ah 50 za kutumia. Ikitunzwa, hutoa mizunguko mia tatu, mia nne ya kutumia na kuchaji. Inahitaji kuongezwa maji, inatoa gesi, na ni lazima ikae wima.

Ya pili ni betri kavu, hasa aina ya AGM. Nayo ni ya risasi, lakini tindikali yake imenyonywa na nyuzi za kioo, haimwagiki, na inavumilia mtikisiko wa rafu rodi kuliko ya maji. Kwa mtu anayepita matuta ya barabara ya Naabi kwenda Seronera, hilo si jambo dogo. Ah 100 huwa na uzito wa kilo 30 hivi. Kanuni ya nusu iko palepale.

Ya tatu ni lithiamu, na kwa gari la kambi chagua ile ya chuma na fosfeti, iliyoandikwa LiFePO4. Unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake bila wasiwasi, inavumilia mizunguko 2,000 na zaidi, na Ah 100 zina uzito wa kilo 11 hadi 13 tu.

Sasa tupige hesabu. Bei nitakazotumia ni za mfano. Ziondoe, weka utakazoambiwa dukani, kanuni haibadiliki. Tuseme betri ya maji ya Ah 100 ni shilingi 350,000 za Tanzania, kavu 450,000, na lithiamu 1,100,000. Betri ya maji inatoa uniti 0.6 kwa mzunguko. Kwa mizunguko 350 ni uniti 210. Gawanya, unapata shilingi 1,670 hivi kwa uniti. Kavu, kwa mizunguko 500, inatoa uniti 300, yaani shilingi 1,500 kwa uniti. Lithiamu inatoa kama uniti moja kwa mzunguko. Kwa mizunguko 2,500 ni shilingi 440 kwa uniti. Ya bei kubwa kuliko zote dukani ndiyo ya bei ndogo kuliko zote kwenye matumizi.

Lakini hesabu hiyo ni kweli kwa anayeimaliza betri yake. Familia inayolala porini usiku 20 kwa mwaka itatumia mizunguko 100 tu katika miaka mitano, na betri ya risasi itazeeka yenyewe kabla ya kumaliza mizunguko yake. Kwa familia hiyo, betri kavu ya 450,000 iliyotoa uniti 60 imewagharimu 7,500 kwa uniti. Lithiamu ikidumu miaka kumi kwa matumizi hayohayo itakuwa imetoa uniti 120, sawa na shilingi 9,200 hivi kwa uniti. Hapo betri kavu ndiyo yenye akili.

Kampuni ya utalii inayotembeza gari usiku 150 kwa mwaka iko upande wa pili kabisa. Betri kavu ya Ah 100 haiitoshi, kwa sababu Ah 50 zake hazifiki mahitaji ya siku yenye joto. Itabidi ifunge mbili, 900,000 na kilo 60 za uzito, na izibadilishe zote baada ya miaka mitatu minne. Lithiamu moja inafanya kazi hiyo na kubaki na akiba.

Joto liingie kwenye hesabu kwa wote. Kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Usiifunge betri ya kambi karibu na injini. Nyuma ya gari, chini ya droo, mahali panapopitisha hewa, ndipo pake.

Chaji ndiyo inayoamua

Betri nyingi za risasi huuawa na njaa. Asilimia 80 za mwanzo hujaa haraka, lakini 20 za mwisho huchukua saa nyingi, na safari fupi za gari hazifiki huko. Betri inayobaki nusu siku hadi siku huota salfeti kwenye sahani, salfeti hugeuka ngumu, na uwezo hupungua bila kurudi. Lithiamu haina ugonjwa huo. Haidai kujazwa pomoni, na ukiiweka stoo inapenda kubaki nusu.

Rilei ya kuunganisha betri mbili injini ikiwaka ndiyo njia ya bei nafuu, na inatosha kwa betri ya risasi. Kwa lithiamu usiitegemee, kwa sababu lithiamu hunywa umeme kwa pupa na inaweza kuchemsha alteneta mpaka iungue. Weka chaja ya kati ya betri na betri, ya ampea 20 au 30, inayopima kiasi kinachopita. Chaja ya ampea 30 hurudisha Ah 60 kwa saa mbili za kuendesha, na mzunguko wa kuangalia wanyama asubuhi unazitoa saa hizo bila kutafutwa.

Sola ni ya wanaokaa mahali pamoja. Paneli ya wati 100 kwenye jua zuri la kwetu hutoa kama Ah 30 kwa siku. Wati 200 zinakaribia Ah 60, yaani mahitaji yote. Masika, kati ya Machi na Mei, usitegemee zaidi ya nusu. Kwa gari ambalo hema limechukua paa lote, nunua paneli za kukunja zenye waya mrefu, gari likae kivulini na paneli zikae juani. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, ikiwa ya aina ya MPPT hugharimu zaidi ya ile ya PWM, ila huvuna zaidi asubuhi na siku za mawingu. Na futa vumbi kila siku.

Jenereta: lita zinasema nini

Chukua jenereta ya inveta kama Honda EU22i. Inatoa wati 1,800 mfululizo, tangi lake ni lita 3.6, na uzito wake ni kilo 21 hivi. Kwa mzigo kamili hufanya kazi zaidi kidogo ya saa tatu. Kwa robo ya mzigo hufika saa nane. Hapo pana somo. Kwa mzigo kamili, uniti moja inakula lita 0.6 ya petroli. Kwa robo, inakula lita nzima. Lita ikiwa shilingi 3,000, ni tofauti ya shilingi 1,900 na 3,000 kwa uniti. Kuwasha jenereta usiku kucha kwa ajili ya friji peke yake ni kuchoma pesa na kuwanyima majirani wa kambi usingizi.

Matumizi mazuri ni haya: iwashe asubuhi, betri ikiwa chini, na uchomeke chaja nzuri ya ampea 30 kwenye soketi ya volti 230. Chaja hiyo hudai wati 500 hivi na hurudisha Ah 50 kwa muda usiofika saa mbili. Asilimia za mwisho ziachie sola. Usihangaike na tundu la volti 12 lililo kwenye jenereta yenyewe. Lile hutoa ampea 8 tu, na Ah 50 zitakula zaidi ya saa sita za petroli.

Mwinuko nao hula nguvu. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3.5 kwa kila mita 300 unazopanda. Kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, iko kwenye mita 2,300 hivi, kwa hiyo wati 1,800 zinabaki kama 1,300. Kabureta iliyotegwa kwa ajili ya Dar es Salaam itatoa petroli nyingi mno huko juu, moshi utakuwa mweusi na plagi itajaa masizi. Jenereta haijaharibika. Punguza mzigo, na kama unakaa nyanda za juu muda mrefu, mwambie fundi abadilishe jeti ya kabureta.

Vile vijenereta vidogo vya kuchanganya oili na petroli vina bei ya kuvutia. Kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1, ni mililita 20 za oili kwa kila lita. Ukizidisha unaziba plagi, ukipunguza unaua pistoni. Vina kelele, na umeme wake haujatulia vya kutosha kuchomeka kompyuta. Kwa kuchaji betri mara chache kwa mwaka vinatosha.

Aina yoyote utakayonunua, moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu usingizini. Iweke mita 6 au zaidi kutoka kwenye hema, upande ambao upepo unautoa moshi, na kamwe isiwe ndani ya gari wala chini ya turubai.

Kabla hujanunua nyingine, pima

Mita ya umeme ya bei ndogo itakuokolea betri nzima. Malalamiko ya kila siku ni haya: betri mpya, alfajiri friji imezima, na betri ndiyo inayolaumiwa. Pima kwenye betri friji ikiwa inafanya kazi, kisha pima kwenye tundu la friji. Tuseme betri ni 12.3 na tundu ni 11.7. Volti 0.6 zimepotelea njiani. Waya wa milimita 1.5 ukienda mita 5 na kurudi mita 5, na friji ikivuta ampea 5, hupoteza karibu kiasi hichohicho. Friji inaona volti ya chini, inadhani betri imekwisha, na inazima ili kuilinda. Badilisha waya uwe wa milimita 6, na upotevu hushuka hadi 0.15. Gharama ni mita chache za waya, si betri ya 450,000.

Betri ya risasi ipumzishe saa kadhaa kabla ya kuipima. Volti 12.6 au 12.7 ni kamili, 12.2 ni nusu, 12.0 na kushuka ni hatari. Ikisoma 10.5 baada ya kuchajiwa vizuri, seli moja kati ya sita imekufa. Ikisoma 12.6 lakini inaporomoka chini ya 11 ukiwasha mzigo mdogo, imechoka. Lithiamu kamili husoma 13.3 hivi. Ikisoma sifuri, usiitupe. Mara nyingi saketi yake ya ulinzi imejifunga baada ya kukamuliwa mno, na chaja ya lithiamu huifungua.

Injini ikiwaka, betri ya kuwashia isome kati ya 13.8 na 14.4. Chini ya 13.5, angalia feni belti na nyaya za alteneta. Juu ya 15, regyuleta imeharibika na inachemsha betri zako. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya uvuguvugu yaliyokorogwa magadi kidogo, kausha, kaza, kisha paka grisi. Betri ya maji iongezewe maji safi ya betri yasiyo na chumvi, kamwe si tindikali, kwani kinachopungua ni maji. Usivute sigara hapo. Gesi inayotoka hulipuka.

Jenereta isiyowaka baada ya kukaa stoo huwa na petroli iliyooza kwenye kabureta. Dawa yake ni kuzuia: kabla ya kuiweka, funga koki ya mafuta na uiache injini iungurume mpaka izime yenyewe. Ikiwaka sekunde chache na kuzima, pima oili na uhakikishe imekaa tambarare, kwa sababu kinga ya oili huizima ikiona kiwango kimeshuka. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, kisha kila saa 100 au miezi sita, na plagi iangaliwe wakati huohuo. Iwashe kila mwezi kwa nusu saa ikiwa na mzigo.

Nani anunue nini

Familia ya safari chache kwa mwaka: betri kavu ya Ah 100, rilei, waya mnene, na paneli ya kukunja ya wati 100. Jenereta hawaihitaji. Kati ya safari na safari, betri ichajiwe kamili nyumbani kila mwezi.

Kampuni inayotembeza gari msimu mzima, Juni hadi Oktoba na zaidi: lithiamu ya Ah 100 na chaja ya ampea 30 ya kati ya betri na betri. Hapa kubana pesa mwanzoni ni kulipa mara tatu baadaye.

Kambi inayohamahama na kukaa siku kadhaa mahali pamoja, kama zile za Ndutu wakati wa nyumbu kuzaa: lithiamu ya Ah 200, sola ya wati 400, na jenereta moja ya inveta ya akiba kwa siku za mawingu. Ikifanya kazi saa mbili asubuhi, inatosha.

Na ambaye bajeti yake inaruhusu kitu kimoja tu mwezi huu, anunue mita na waya wa milimita 6 kwanza. Apime wiki nzima, aandike. Wapo watakaogundua kwamba betri waliyo nayo bado ni nzima, na wengine watajua kwa namba, si kwa maneno ya muuzaji, ni Ah ngapi wanazohitaji.